Msichana wa Fungu la Tatu

Chumba changu kiko mtaa wa Kware, Nairobi, orofa ya pili, na orofa ya pili huku haina mchana. Jengo la mbele limesimama karibu sana, hata mama wa upande ule akinyoosha mkono ananipa chumvi dirishani. Taa yangu huwashwa asubuhi na huzimwa nikienda kulala. Mgeni akiingia saa saba adhuhuri huniuliza kama jua limeshatua, nami humjibu vibaya, maana nimechoka kuulizwa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari.

Kazi yangu ni ya kompyuta. Kuna kampuni ya ng'ambo, ambayo sijawahi kuona hata mlango wake, hunitumia picha za karatasi kuukuu zilizoandikwa kwa mkono, nami naandika upya kila neno ili liweze kusomeka kwenye mashine. Sheria ni moja tu: andika unachokiona. Usirekebishe, usiongeze, usiulize. Nimewahi kunakili barua za wamisionari, taarifa za mvua, hata mapishi ya keki. Nina tabia moja: nasoma kwa sauti huku naandika, kwa sababu macho yangu peke yake hunidanganya.

Mwezi ule dada yangu alipofariki, zilikuja karatasi za shamba la miwa.

Zilitoka kisiwa cha mbali, enzi za wakoloni na watumwa. Mwenye shamba alikuwa amekufa, akaacha wana wawili wa kiume na binti mmoja. Wakaitwa majirani watatu, wazungu wenye mashamba kama yeye, waigawe mali yake mafungu matatu yaliyo sawa. Fungu la kwanza lilianza na shamba la upande wa mto, kisha kinu cha kukamulia miwa, kisha nyumbu wa kubeba mizigo, kisha kengele ya shamba, halafu watu. Watu walifuata kengele. Mwanamume, mpishi wa sukari, mzima. Mwanamume, mguu mmoja. Mwanamke na mtoto wa kunyonya. Usidhani haya ni ya visiwani tu, maana pwani yetu hii hii wenye mashamba waligawa watu pamoja na minazi. Lakini kujua ni kitu kimoja na kukiandika kwa vidole vyako ni kingine. Aliyeandika alikuwa na mwandiko mzuri kuliko mwalimu yeyote aliyenifundisha, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilitafuta mahali mkono wake ulipotetemeka, sikupaona.

Dada yangu alikuwa fundi wa nguo Mowlem, mshonaji wa sare za shule. Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku tisa. Tulimzika nyumbani, magharibi, tukarudi Nairobi na watoto wake watatu: msichana wa miaka kumi, msichana wa miaka sita, na mvulana ambaye hata kusimama dede alikuwa bado. Baba yao alikuwa ameondoka kabla huyo wa mwisho hajaota jino, na ukoo wake haukuleta hata mguu mmoja matangani. Kwa hiyo watoto walikuwa wetu. Nikawachukua wakae kwangu kwa muda, tukingoja kikao.

Kwetu mtu akishazikwa, siku hutengwa watu wakae na mkubwa wa ukoo agawe vitu vya marehemu. Nguo, vyombo, kitanda. Kila ndugu lazima aondoke na kitu mkononi, maana wazee wetu husema kitu kisichochukuliwa, mwenyewe hukirudia. Kijijini hufanywa uani. Chetu kingefanyika Mowlem, ndani ya nyumba ya dada, kabla mwenye nyumba hajaitaka mwisho wa mwezi. Na siku hiyo hiyo, bila mtu yeyote kulitamka, watoto nao wangegawiwa.

Nilijua kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kugawiwa. Nilikuwa na miaka tisa mama yetu alipotuacha; baba alikuwa ametangulia. Baba mkubwa, kaka wa baba, ndiye aliyeongoza kikao. Kaka yangu alibaki kwake. Dada alikwenda Dandora kwa rafiki wa mama wa kanisani. Mimi nilikwenda kwa shangazi, ambaye alikuwa na mtoto mchanga na alitaka mtu wa kumbeba. Nilikwenda pamoja na sofa. Waliipakia kwenye mkokoteni, wakanipandisha juu yake, nami nikaona raha kweli kweli, nikapungia watu mkono njia nzima. Nilidhani tunahama sote.

Shangazi hakunitesa, sitamsingizia. Alinilisha, akanisomesha, akanipiga kadiri alivyowapiga wake. Nikilia usiku alisema, "Yatima hadeki, mama," na hata hilo alilisema kwa upole. Lakini dada nilimwona Krismasi kwa Krismasi. Tulipokuwa watu wazima tukikaa meza moja, hatukuwa na la kukumbushana. Tulifanana sura na tukaishia hapo. Hilo ndilo ninalolililia mpaka leo, kuliko hata kifo chake.

Sasa sikia upumbavu wangu. Pamoja na kuyajua yote hayo, mipango ilipoanza kupangwa kwa simu, shangazi akisema atamchukua mvulana na kaka akisema atamchukua wa miaka sita, mimi nilisema haraka haraka, "Nipeni mkubwa." Nilijiambia ni kwa sababu ya shule. Uongo mtupu. Nilimtaka kwa sababu alijua kupika ugali usio na madonge, alijua kupanda na mtungi ngazi zote, na aliweza kukaa kimya nikifanya kazi. Nilimchagua vile mtu anavyochagua ndoo sokoni, kwa kuigonga na kuangalia kama inavuja.

Karatasi ziliendelea kuja. Siku ya tatu nikashtuka kuona watu wale wale wamerudi: mpishi wa sukari, yule wa mguu mmoja, kengele. Nikadhani mitambo imekosea, ikanitumia picha ile ile mara mbili. Nikalinganisha. La, hazikuwa zile zile. Wagawaji walikuwa wameandika, wakapinga, wakaandika upya, na kila karatasi ilikuwa jaribio jingine la kuyafanya mafungu yawe sawa. Watu walikuwa wanahama. Katika karatasi ya kwanza palikuwa na mwanamke wa jikoni na chini yake, mstari mmoja, msichana wake wa miaka kumi. Katika ya pili mwanamke alikuwa pale pale, na chini yake pametolewa mtu. Nikashuka na kidole kwenye kioo, nikamtafuta. Nilimkuta fungu la pili, katikati ya nyumbu. Pembeni mwandishi alikuwa ameeleza kwa mwandiko wake mzuri kwamba nyumbu mmoja wa fungu hilo amekufa, na msichana amewekwa kujaza pengo.

Nilisukuma kiti nyuma. Nilimtukana mzungu aliyekufa zamani, kwa sauti, kwa lugha ya mama. Kisha nikarudi kuandika, kwa sababu nilikuwa sijamaliza ukurasa. Nikasoma kama ninavyosoma siku zote, kwa Kiingereza cha karatasi, "Msichana, miaka kumi."

"Naam, anti," sauti ikaitika nyuma yangu.

Niligeuka. Alikuwa ni mtoto mkubwa wa dada, amesimama kando ya kitanda na kitambaa cha vyombo mkononi. Mtoto wa shule ya Nairobi hahitaji kufasiriwa Kiingereza. Nikamwambia, "Sijakuita." Akasema, "Pole," akarudi nyuma ya pazia la jiko. Baada ya saa moja ukurasa mwingine ukafika, nikasoma mstari ule ule bila kufikiri, naye akaitika tena. Siku iliyofuata hakuitika. Alikuja tu kimya akasimama, akangoja, na mimi nikageuka nikamkuta. Ukiwa kwenye chumba kisicho na jua, huku balbu inaunguruma na nguo za majirani zinadondosha maji kwenye kingo za dirisha, si jambo la kufurahisha kugeuka ukamkuta mtu uliyetoka kumsoma. Nilijaribu kusoma kimoyomoyo, nikawa nakosea kila mstari, ikabidi nirudie sauti.

Yule wa miaka sita alikuwa na mchezo wake sakafuni. Alikuwa ameokota vifuniko vya soda kwenye ngazi, akavipanga marundo matatu. Mwanzoni sikujali. Kisha nikaona anachofanya. Alikuwa akichukua kifuniko kimoja, kile chekundu, anakitoa rundo la kwanza anakitia la pili, anayatazama marundo yote, anakitoa tena.

"Mbona hicho unakihamisha-hamisha hivyo?" nikamuuliza.

"Ndio zitoshane, zote ziwe sawa," akasema, bila kuinua kichwa.

Niliyapiga teke yale marundo. Haki ya Mungu, mtu mzima mimi, niliyapiga teke, vifuniko vikaruka mpaka chini ya kitanda. Mtoto hakulia. Alitambaa akaviokota kimoja kimoja, akaanza upya. Mkubwa akaja akamsaidia, na mimi nikaenda kusimama kwenye ngazi nikaone aibu yangu huko.

Asubuhi ya kikao ulifika ukurasa wa mwisho. Wagawaji walikuwa wamekubaliana. Vikaratasi vitatu vilitiwa ndani ya kofia, kila mrithi akachovya mkono. Mwana wa kwanza alipata fungu la kwanza, na yule mwanamke wa jikoni akaenda naye, shamba la mtoni. Binti alipata la tatu. Nilimtafuta msichana kwa haraka, kwa hamu mbaya, nikiomba awe amerudishwa kwa mama yake. Alikuwa la tatu, baada ya meza ya kulia na vyombo vya fedha. Mahali ambapo wenzake waliandikiwa mzima au mgonjwa, yeye aliandikiwa: anafaa kazi za ndani. Chini kabisa warithi wote walitia sahihi kwamba wameridhika. Nikaandika nilichokiona. Nikatuma, nikaoga, nikawavika watoto nguo za kanisani, tukaenda Mowlem.

Nyumba ya dada ilikuwa na jua tele, likanitia machozi kwa kutokuzoea. Nguo zake zilikuwa zimetandazwa kitandani. Cherehani ilikuwa pale dirishani na sketi ya mtoto wa watu juu yake, na sindano ilikuwa bado imezama kwenye pindo, mahali alipoishia siku alipoanza kukohoa. Kila mtu aliipita akiikwepa. Hakuna aliyethubutu kuiinua.

Baba mkubwa aliomba, akakohoa, akaniambia, "Wewe mwenye mwandiko, andika." Nikapewa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule. Watoto waliambiwa wakae chumbani, lakini mlango ulikuwa pazia tu. Wakubwa wakaanza: hiki achukue huyu, kile achukue yule, usimpe wote yeye, mwongeze huyu. Na katikati ya vitu, kwa sauti ile ile, na huyu mdogo aende na shangazi, na yule wa kati aende na mjomba wake. Mimi niliinama nikaandika. Kusema kweli sikuwa nasikiliza. Mkono ulikuwa umezoea.

"Haya, tusomee," baba mkubwa akasema, "kila mtu asikie, tusije tukalaumiana."

Nikasoma kwa sauti. "Fungu la kwanza: kabati, tivi, blanketi mbili, msichana, miaka sita, mzima. Fungu la pili: kitanda, meko, sufuria zote, mtoto wa kiume, wa kunyonya. Fungu la tatu: cherehani, meza, ndoo, msichana, miaka kumi, anafaa kazi za ndani."

Hapo ndipo nikasikia nilichokisoma. Hakuna mtu aliyekuwa ametamka mafungu. Hakuna aliyesema mzima, wala anafaa. Nilitazama karatasi nikitumaini nimekosea kusoma, lakini yalikuwa pale, kwa mwandiko wangu, na ulikuwa mwandiko mzuri.

Pazia likasogea. "Naam, anti," mtoto akasema. Akatoka na gauni lake la kanisani, akaja akasimama katikati ya chumba, mikono mbele, akatutazama mmoja mmoja akingoja kuambiwa la kufanya.

Chini mtu alikuwa akiuza mboga, akapita, sauti yake ikaisha. Baba mkubwa akauliza polepole, "Nani amesema maneno hayo?"

"Hakuna, Baba. Nimeyaandika mimi."

"Ala! Wewe ni mgonjwa?" shangazi akaruka. "Kwani sisi ni watu wa kuuza watoto? Mimi niliwahi kukunyanyasa? Sema hapa mbele ya watu!"

"Hukuninyanyasa, shangazi. Ulinipata pamoja na sofa."

Alifunika uso kwa leso. Sikukusudia kumliza, ila sikujuta pia. Kaka yangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno zaidi ya amina, akamwambia mtoto, "Kaa chini, mama, kaa hapa karibu na mimi." Mtoto hakukaa. Alinitazama mimi.

Nikasema, "Nawachukua wote watatu."

"Kwenye chumba kimoja?" baba mkubwa akauliza.

"Kwenye chumba hicho hicho kimoja."

Tuligombana mpaka jua likahama kutoka kwenye cherehani. Walisema nitaweza vipi bila mume, nikawaambia mume hapiki ugali. Walisema mtoto wa kiume alelewe penye mwanamume, nikawaambia baba yake alikuwa mwanamume. Lakini shangazi alipojifuta akasema neno moja: "Huyo mdogo anakohoa." Na ni kweli alikuwa anakohoa. Alianza wiki ya pili tangu waje kwangu, kikohozi kile kile kilichomwondoa mama yake, katika chumba ambacho hata nguo haikauki. Nyumba ya shangazi ina uwanja na jua, na binti yake, yule niliyembeba mgongoni, yuko nyumbani kutwa na ananyonyesha wake. Nilimtoa mtoto kwa mikono yangu mwenyewe. Dada zake walisimama mlangoni wakimtazama akiondoka, na hakuna aliyepunga mkono.

Baba mkubwa alichukua ile karatasi akaichana vipande vidogo vidogo, akavitia mfukoni mwa koti. "Hii haikuwepo," akasema. Wote wakaitikia kwa kichwa. Tukaondoka na cherehani.

Ni miezi sasa. Mvulana amepona kikohozi, yule anayemnyonyesha anamwita mama, na mimi humpelekea dada zake kila Jumapili ya pili hata kama nguvu sina. Wasichana wote wawili wako kwangu. Mdogo amenenepa, ana marafiki orofa zote, ananijibu jeuri kama mtoto wa mtu. Ni mkubwa ndiye anayenikosesha raha. Nikiamka, chai iko mezani. Nikivua nguo, imeshafuliwa. Walimu wanamsifu, majirani wananiambia nimebarikiwa, na mimi natamani siku moja tu avunje sahani kusudi.

Jumapili iliyopita wenzake walikuwa wakiruka kamba kwenye kibaraza, wakimwita. Yeye alikuwa amechuchumaa kwenye beseni la vyombo. Nikamwambia aache. Akasema anamalizia. Nikamwambia tena. Mara ya tatu hasira zangu zikanipanda, nikafoka, "Nimesema nenda ukacheze! Nani alikuajiri wewe hapa?"

Hakugeuka. Aliangalia kwanza kama mdogo wake yuko mbali asisikie, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu zote, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua:

"Nikicheza, anti, huyu mdogo mtampeleka kwa nani?"

Akasuuza kikombe, akakiinamisha, akachukua kingine.